Injini ya Stirling: je, kuna muundo unaoepuka krenki mbili?

Spoki:
Wakuu, salaam. Nimeunda injini ndogo ya hewa moto, ya aina aliyoibuni mchungaji wa Uskoti, Robert Stirling, mwaka 1816. Silinda ni kopo la maziwa ya unga, na mahali pa pistoni nimefunga kipande cha puto. Ndani ya kopo kuna kihamisha hewa, lile dude jepesi linaloipeleka hewa upande wa moto na kuirudisha upande wa baridi, nalo linaning'inia kwenye spoki ya baiskeli. Krenki zote mbili, yaani mikono iliyopinda inayogeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko, nimezikunja kwa waya mmoja, zikiachana nyuzi 90 kama inavyotakiwa, lakini nikiwasha mshumaa injini huzunguka mara tatu au nne, kisha husimama. Ninashuku kwamba tatizo si joto bali ni huu msururu wa viungo. Je, wabunifu waliotutangulia waliwahi kuondoa krenki, au walau kupunguza msuguano wake?

Mvukuto:
Kabla ya kubadili muundo, toa puto, kisha uzungushe gurudumu kwa kidole. Likisimama upesi, una msuguano. Likiendelea vizuri, basi hewa inavuja mahali, nawe pakaza povu la sabuni ulitafute tundu.

Kuhusu swali lenyewe, msuguano mwingi hutokana na nguvu ya ubavuni: konrodi (fimbo inayotoka kwenye krenki) ikilala upande, huugandamiza ufito, kama hiyo spoki yako, kwenye ukuta wa tundu unamopita. Rolf Meijer wa kampuni ya Philips, Uholanzi, alilimaliza jambo hilo katika miaka ya 1950 kwa krenki mbili zilizounganishwa kwa gia na kuzunguka kwa kukabiliana, hivi kwamba msukumo wa kulia wa moja hufutwa na msukumo wa kushoto wa nyingine, na fito zote hupanda na kushuka wima. Ufito wa kihamisha hewa hupita katikati ya ule wa pistoni. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, ila kwa kopo la maziwa siipendekezi, kwani gia zikikosea jino moja tu ulinganifu wote unaharibika.

Kinu cha Upepo:
Mimi ningeanza na Ossian Ringbom, Mfini aliyepata hataza (haki ya mvumbuzi) ya Marekani mwaka 1907. Yeye aliiacha krenki ya pistoni mahali pake, akaiondoa ile ya kihamisha hewa. Ufito wake ni mnene, ncha moja ikiwa ndani ya injini na nyingine katika hewa ya nje. Shinikizo la ndani likipanda, ufito husukumwa nje na kihamisha hewa huenda upande wa baridi, hewa ikahamia kwenye moto. Pistoni ikishatoka na shinikizo likashuka chini ya lile la nje, ufito hurudishwa ndani. Spoki yako haifai hapo, kwa sababu nguvu hiyo hutegemea eneo la ncha ya ufito, na spoki ni nyembamba mno.

William Beale wa Chuo Kikuu cha Ohio alikwenda mbali zaidi mwaka 1964: hakubakiza krenki hata moja, pistoni zikawa zinadunda juu ya hewa iliyofungiwa kama juu ya springi. Ukoo huo wa injini ndio uliotumika NASA ilipojaribu kinu kidogo cha nyuklia cha urani huko Nevada, majaribio yaliyokamilika mwaka 2018. Naye Colin West, akiwa Harwell, Uingereza, mwaka 1969 alibuni injini ambayo pistoni zake ni maji yanayoyumba ndani ya mabomba. Maji hayahitaji ringi wala grisi, ingawa sehemu kubwa ya joto hupotea bure.

Spoki:
Nashukuru sana. Bila puto, gurudumu lilizunguka mara kumi na moja tu. Nilipoichomoa spoki na kuiviringisha juu ya kioo, ilikuwa ikiyumba katikati, na upande mmoja umesuguliwa hadi unang'aa. Nimeinyoosha, na sasa injini inazunguka kwa dakika nzima, japo kwa mlio. Ufito wa Ringbom nitaukata kwenye eriali ya redio mbovu. Kinu, kihamisha hewa kikifika mwisho wa mwendo wake, kinazuiwaje kisigonge kopo?

Kinu cha Upepo:
Weka pete ya mpira laini kwenye ufito, juu na chini, na kihamisha hewa kiwe chepesi kadiri unavyoweza.