Tupeane uzoefu: umepozaje nyumba msimu huu wa joto bila kiyoyozi?

Wakuu, kaskazi imeingia na Dar inachemka. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana ni nyuzi 32, 33, na kwa unyevu huu wa pwani usiku nao haupoi. Kiyoyozi sina, na kwa bei ya umeme sitarajii kuwa nacho. Kila mtu aeleze alichojaribu mwenyewe, kimefaa au kimekataa. Naanza mimi.

Nyumba yangu iko Chanika, bati la kahawia, chini yake dari ya jipsam. Mwaka jana mtoto wetu wa miezi minne alitoka harara shingo nzima, halali, mama yake naye halali. Tulihangaika na madirisha na pangaboi. Usiku mmoja, saa nne, nikapanda kwenye stuli nikaweka kiganja darini. Ya moto! Jua limezama zaidi ya saa tatu, dari bado inachoma. Pangaboi lilikuwa linatushushia joto lile lile vitandani.

Huku karibu na ikweta jua la mchana linapiga paa kuliko ukuta wowote, na hewa iliyo kati ya bati na dari ilikuwa haina pa kutokea. Fundi akatoboa matundu pande mbili, juu kabisa kwenye kuta za pembetatu, tukaweka wavu kuzuia popo. Mwezi uliofuata nikapaka bati rangi nyeupe ya nje. Siku hizi saa nne nikigusa dari ni vuguvugu tu. Kama una hela ya kazi moja, anzia juu.

Wa Tanga
Hongera mkuu, ila sisi wapangaji bati si letu. Chumba changu kina dirisha la aluminiamu la kusukuma, ukifungua huku unafunga kule, kwa hiyo upepo unapata nusu tu. Nilimwomba mwenye nyumba, nikakitoa kioo kimoja, nikakifunga gazeti na kukihifadhi uvunguni. Nondo na wavu vimebaki. Halafu juu ya mlango wa ukumbini palikuwa na kijidirisha kilichopigiwa ubao, nikaung'oa. Upepo ukiingia lazima upate pa kutokea, bila hivyo unagota mlangoni. Mvua ikija nashusha turubai.

Wa Dodoma, sasa Dar
Dodoma tulikuwa tunatundika shuka bichi dirishani, chumba kinapoa kweli. Nilipohamia Kigamboni nikafanya vile vile, usiku wa kwanza tu nikaamka nimelowa kuliko shuka lenyewe. Hewa ya Dodoma ni kavu, inakunywa maji na kuondoka na joto. Ya Dar imeshashiba unyevu. Msipoteze muda na hilo huku pwani.

Wa Unguja
Nimekulia kwa bibi, Mji Mkongwe. Kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu, ua katikati. Bibi alikuwa na ratiba: alfajiri madirisha yote wazi; jua likipanda, ya upande wa jua yanafungwa, na ya upande wa pili yanaachwa. Alasiri anageuza. Kupika ni uani, moto hauingii ndani. Hata mimi ninayekaa nyumba ya tofali za saruji, ratiba ile naifuata na inanisaidia sana. Jiko nimelitoa nje, na hilo peke yake nililihisi siku ile ile.

Wa Mombasa
Mie nakaa orofa ya mwisho, juu yangu ni slebu tupu. Jioni twateremsha magodoro, twalala sakafuni juu ya mkeka. Sakafu ya simiti ina ubaridi wake. Pia nimeomba ruhusa nikatandaza neti ya kivuli juu ya slebu, imeinuliwa kwa vigingi upepo upite chini yake. Usiilaze juu ya simiti.

Mwanzisha mada
Wa Mombasa, vigingi umevipa urefu gani? Jirani yangu ana slebu, nataka nimwonyeshe. Wa Unguja, ratiba ya bibi tumeanza leo, chumba cha watoto kinatazama magharibi, kwa hiyo saa sita tumefunga. Nje ya dirisha hilo nilipanda mwarobaini masika iliyopita, umefika usawa wa nondo.