Hivi injini za vichwa vya dizeli vya SGR ni tofauti na hizi zetu za meta geji?

MwanaUnyanyembe:
Wakuu habari za jioni, nipo Tabora hapa karibu na stesheni. Kuna mzee alifanya kazi karakana ya reli miaka mingi, kaniambia kichwa cha dizeli "ni umeme mtupu", nikamcheka maana likipita jidude moshi unauona na chai inatetemeka kikombeni, tukawekeana soda. Nani yuko sahihi? Na vile vya SGR vya Marekani injini zake ni nyingine?

Pistoni_Moja:
Mkuu soda imeenda hiyo 😂 Dizeli haizungushi magurudumu, inazungusha jenereta, umeme unashuka kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Hakuna giaboksi kama ya Fuso. Wajerumani walipita njia ya haidroliki (nguvu inapitia mafuta badala ya umeme) na kichwa chao cha V200 cha 1953 ila wengi wamebaki na umeme. Kuhusu geji (upana kati ya reli mbili), 1435 mm ya SGR au 1000 mm yetu ni habari ya magurudumu huko chini, injini yenyewe haijui. Hivi vichwa vyetu vya daraja la 88 kutoka Kanada vilitoka kiwandani na injini ya Alco 251 ya silinda 12, familia ileile ya injini iliyovuta mizigo kwenye SGR ya Marekani.

Mwanga_Kgm:
Naongezea historia. 1930 General Motors walinunua Winton, watengeneza injini, na Electro-Motive, watengeneza mabehewa yenye injini, 1934 treni ya Zephyr yenye injini ya Winton 201A ikatoka Denver mpaka Chicago kwa saa 13 na dakika 5, watu wakashika vichwa. Lakini iliyozika vichwa vya mvuke kwa maoni yangu ni injini ya 567 ya 1938, hiyo namba ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo. 1939 wakaifunga kwenye kichwa cha mizigo cha FT, vipande vinne vilivyounganishwa nguvu farasi 5400, wakaizungusha zaidi ya maili 83,000 kampuni za reli zijionee zenyewe. 1965 ikaja 645. Zote tu-stroku, yaani pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu mzunguko wa kazi umekamilika.

MwanaUnyanyembe:
Tu-stroku?? Kama pikipiki za zamani za kuchanganya oili na petroli?

Pistoni_Moja:
Hapana, oili ina sampu yake kama kawaida. Hewa inasukumwa na bloa kupitia matundu ubavuni mwa silinda, moshi unatokea juu kwenye valvu. Alco 251 ndo foo-stroku, pistoni inapanda na kushuka mara mbili, ndo maana milio haifanani.

MwanaUnyanyembe:
Dah. Mzee anataka Fanta ya baridi na kwetu umeme umekatika tangu saa nane.