Naomba ushauri: kijiji chetu hatusomewi mapato na matumizi

Wakuu, habari za leo. Kijijini kwetu mkutano mkuu haujaitishwa tangu mwaka jana, wakati utaratibu ni kila baada ya miezi mitatu. Ushuru wa mnada unakusanywa, choo cha shule kimeishia kwenye lenta, na ukiuliza unaitwa mpinzani.

Nafikiria kuwaita wasaidizi wa kisheria watoe elimu ya uraia. Najua Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TLS (chama cha mawakili wa Tanzania Bara) walifika hadi Mahakama ya Afrika, Arusha, kudai mgombea binafsi, wakashinda mwaka 2013. Je, mambo ya kijiji nayo wanayapokea? Au tuanze na barua yenye saini zetu kwa mtendaji wa kata? Wazee wanaogopa, na sitaki waumie. Aliyewahi kupitia hili anielekeze.