Familia ya Ujiji: kitabu cha Mwezini

Mama Zuwena: Asalaam aleikum jamani. Kesho naenda steshenari Mwanga. Nakala 40 za kitabu chetu cha chekechea, kila moja karatasi 4 za A4 zikunjwe katikati, ndiyo kurasa 16. Jumla karatasi 160, nusu rimu haifiki. Manila 40 za kava. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, nani ana ile ndefu?

Mama Zuwena: Mmeona wote, kimya.

Hamisi: Wangu vitabu anavila 😂

Mama Zuwena: Ndiyo maana kava ni manila. Mwl. Rehema, maneno umepitia?

Mwl. Rehema: Nimepitia. Ukurasa wa 7 Juma anampigia Neema kelele wakiwa Mwezini. Kule hakuna hewa, sauti haisafiri. Ampungie mkono, Neema ageuke amwone. Hapo urafiki unaonekana, na watoto wataiga. Ile "wakapendana sana" ifute, picha inatosha. Sentensi mbili kwa ukurasa, zisizidi.

Mwl. Rehema: Na Neema asielee kama puto. Uvutano wa Mwezi ni kama moja ya sita ya huku: anaruka juu sana, anashuka polepole, ila anashuka.

Shemeji Idd: Wapelekeeni dagaa huko 😂

Hamisi: Mtumbwi umekosa dagaa, ukapaa 🚀😂

Shemeji Idd: Na karabai yake 😂😂

Mama Zuwena: Jamani stepla!

Mwl. Rehema: Hilo la dagaa liingie kweli. Ukurasa wa 1: mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, mitumbwi iko ufukweni, baba yake Neema yuko nyumbani. Watoto wa hapa wataelewa bila kuelezwa.

Kaka Ramadhani: Nimechelewa. Anga lote jeusi msikubali. Fotokopi inatoa madoa, na kwenye mkunjo wino unabanduka. Weusi ubaki ukurasa wa kutua tu. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, nyuma 2 na 15. Printa igeuze kwa ukingo mfupi, la sivyo nyuma inatoka kichwa chini. Toeni moja, mkunje, msome, ndipo 39. Stepla ikikosekana, matundu matatu na uzi wa nyavu. Kwa chekechea uzi ni bora, pini zinachoma vidole.

Mama Zuwena: Ahsante kaka. Elfu mbili kila nyumba, leo.

Wifi Asha: Na hela ya turubai?

Mama Zuwena: Wifi, tusichanganye.

Wifi Asha: Sichanganyi. Nauliza.

Shemeji Idd: _Ujumbe huu umefutwa_

Bibi: Nimesomewa yote. Kitabu cha watoto hakichapwi kwa pesa ya manung'uniko. Ijumaa baada ya Alasiri mje kwangu, hesabu ya turubai isomwe. Kitabu kingoje.

Hamisi: Shikamoo Bibi.

Wifi Asha: Sawa Bibi.

Mama Zuwena: Nimesikia Bibi. Kesho natoa ile moja ya majaribio, kwa pesa yangu. Zile 39 tutajua Ijumaa.

Baba Mwajuma: Ndiyo naona sasa. Stepla ndefu ninayo, pini ndiyo hakuna. Mnaenda lini?