Kimbunga cha 2019: Mtwara tulidanganywa au tulikoswakoswa?

Wakuu, jana pale feri nimeisikia tena ile kauli: "Wa hali ya hewa waongo, 2019 walitukimbiza bure." Naomba tujadili. Wakitangaza kingine, tuhame au tukae?

Mimi nasema tuhame. Aprili 25 ile, shule zimefungwa, tulivuta mtumbwi wa mjomba hadi kwenye minazi, tukaufunga kamba mbili, tukapanda mjini magodoro kichwani. Usiku ukapita salama. Asubuhi mjomba hakunisemesha. Siku ya bahari imekwenda bure. Lakini kimbunga chenyewe, Kenneth, hakikuyeyuka. Kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, kama kilomita 200 kusini ya hapa, kikabomoa kisiwa cha Ibo karibu chote.

Na tulikuwa upande wa nafuu. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Chukua sahani, izungushe hivyo huku ukiisukuma magharibi. Ukingo wa kaskazini unarudi mashariki, kwa hiyo msukumo unaupunguza kasi. Ukingo wa kusini unakwenda magharibi, kasi inajumlishwa, na upepo wake unasukuma bahari nchi kavu. Sisi tulikuwa kaskazini ya jicho, yaani kitovu cha kimbunga, upepo ukitoka bara. Kingetua Lindi, ukingo wa kusini ungekuwa wetu, na Msanga Mkuu, pale ufukweni ng'ambo ya feri, sijui ingekuwaje.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, acha kutisha watu. Tuko karibu na ikweta, na Madagaska inatukinga. Wazee wetu hawakuviona hivyo vitu.

*Mleta mada:* Wazee wa Lindi walikiona, Aprili 1952. Ni kweli kwenye ikweta yenyewe ule msokoto unaotokana na mzunguko wa dunia ni sifuri, ndiyo maana huko vimbunga havizaliwi. Ila sisi tuko nyuzi 10 kusini. Hapa msokoto ni kama asilimia 17 ya ule wa ncha ya dunia: mdogo, lakini unatosha, maji ya bahari yakishafika joto la nyuzi 27 hivi. Mvuke wa maji hayo ukipanda na kugeuka mvua unaachia joto, na joto hilo ndilo kuni za kimbunga. Madagaska? Kenneth kilipita kaskazini yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikatua Mafia, tena kimeshaanza kudhoofika, na sisi wa kusini yake tukaipata: mvua ile ilikata barabara ya Dar huko Kilwa, mabasi yakalala njiani.

*Mchangiaji wa pili:* Sahani nimeielewa. Sasa tuhame tukale nini? Mwenye mshahara ofisi ikifungwa analipwa. Mama muuza pweza je?

*Mleta mada:* Hapo umenishika, dada yangu. Anayetuambia tuhame aje na unga na maharage ya siku mbili pale shuleni tutakapolala, vinginevyo watu watabaki ufukweni na hutawalaumu. Ila mjomba akiniambia safari nyingine mtumbwi ubaki majini, nauvuta peke yangu.