Naombeni ushauri: hadithi za upelelezi za zamani, nianzie wapi na binti yangu?

Mleta uzi
Habari za jioni wakuu. Nimenunua kitabu kinene cha mtumba, mkusanyiko wa hadithi fupi za upelelezi za zamani kwa Kiingereza. Wamo Poe, Conan Doyle, Futrelle, Freeman na Chesterton. Ni cha binti yangu wa kidato cha kwanza. Ametoka shule ya msingi ya Kiswahili na sasa masomo karibu yote ni Kiingereza, kwa hiyo tukakubaliana tusome pamoja kila jioni baada ya chakula.

Tulianza mwanzo kabisa, na The Murders in the Rue Morgue ya Poe. Kurasa za kwanza hazina mauaji wala mpelelezi, ni maelezo tu ya akili ya uchambuzi, mara sataranji, mara drafti, mara karata. Siku ya tatu mtoto akasema amechoka. Kitabu kiko kabatini wiki ya pili sasa, na roho inaniuma. Naogopa atajiona kwamba vitabu vya Kiingereza si vyake. Nifanyeje?

MsomajiWaUsiku
Mkuu, mtoto hana kosa. Hadithi hiyo ya 1841 ndiyo wengi wanaihesabu kuwa mama wa hadithi za upelelezi, ila mwanzo wake unachosha hata watu wazima. Halafu mbele kuna maiti ya binti iliyosokomezwa ndani ya dohani. Isubiri akue kidogo.

Mpe The Red-Headed League ya Conan Doyle, ya 1891. Mwenye duka la rehani, nywele zake nyekundu, analipwa pauni nne kwa wiki anakili ensaiklopidia, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Hakuna anayeuawa. Soma kwa sauti mpaka pale mpelelezi Holmes anapogonga chini kwa fimbo mbele ya duka, kisha anamwambia rafiki yake Watson alichotaka kuona ni magoti ya suruali ya msaidizi wa duka. Funga kitabu hapohapo. Muulize magoti yana nini.

Ticha wa Fasihi
Mimi ningeanzia nyumbani. Mtafutie Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, cha 1960. Bwana Msa na kiko chake, na Najum pembeni akishangaa, ni jozi ileile ya Holmes na Watson, ila wako Zanzibar. Akishaonja utamu wa kufuata dalili kwa lugha anayoiota usingizini, Kiingereza kitamfuata.

Mdau wa Mwanza
Ticha nakuheshimu, ila Kiswahili anacho tayari. Anachohitaji ni ushindi mmoja wa Kiingereza, na aupate upesi. Wasome vyote viwili, lakini hicho cha kabatini kisikae.

Baada ya Holmes nendeni kwa Futrelle, The Problem of Cell 13, ya 1905. Profesa anabishana na wenzake kwamba kwa akili peke yake atatoka kwenye selo ya gereza ndani ya wiki moja. Anaingia na vitu vitatu alivyoomba: unga wa kusafishia meno, viatu vilivyopigwa rangi, na dola ishirini na tano. Mwambie binti aviandike kwenye daftari, atavihitaji. (Futrelle mwenyewe alizama na Titanic mwaka 1912, na hadi leo nasikitikia hadithi ambazo hakuziandika.)

Freeman ana zile anazoonyesha mhalifu tangu mwanzo, kisha unamtazama mpelelezi wake, Dkt. Thorndyke, na darubini yake akimfikia polepole. Chesterton muache mwisho, Kiingereza chake kinazunguka sana.

Mleta uzi
Asanteni sana. Jana usiku tulisoma ya nywele nyekundu, nikafunga kwenye magoti kama nilivyoelekezwa. Magoti hakuyajali. Alinirudisha nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole kwenye mstari, akaniuliza: "Baba, huyu msaidizi alikubali nusu mshahara. Kwa nini?" Sijamjibu. Asubuhi nimekikuta kitabu kwenye begi lake la shule.