MJADALA: Tathmini ya fidia ikishatolewa na kampuni ya bima ikakataa kulipa, mfanyakazi aende mahakama gani?

Mleta mada, Athi River

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu najua humu mna mawakili, waajiri na watu wa bima, na kila mmoja huvutia kwake.

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha mabati. Kijana tunayefanya naye kazi alisagwa vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kukunjia mabati. Kidonda kilipona, lakini vidole havikunjiki tena; kila asubuhi huniomba nimfungie vifungo vya ovaroli, na nikianza kufunga yeye hutazama pembeni. Daktari alijaza sehemu yake katika DOSH 1, fomu ya kuripoti ajali ya kazini, na kuandika ulemavu wa kudumu wa asilimia 10. Sheria yetu ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo sote tunaiita WIBA, inahesabu fidia ya ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96. Mshahara wake ni shilingi 20,000, kwa hiyo miezi 96 ni shilingi 1,920,000, na asilimia 10 yake ni shilingi 192,000. Ndicho kiasi kilichoandikwa katika tathmini ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na barua hiyo niliipeleka mwenyewe kwa mwajiri tarehe 14 Januari.

Sasa sheria inasemaje? Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, awe mfanyakazi, mwajiri au kampuni ya bima, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo kwa maandishi. Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu na kutoa sababu. Ambaye bado hajaridhika ana siku 30, tangu apokee jibu, za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwajiri au kampuni ya bima iliyodaiwa fidia inapaswa kulipa ndani ya siku 90, na kutolipa ni kosa la jinai lenye faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Siku 60 ziliisha tarehe 15 Machi bila pingamizi. Siku 90 ziliisha tarehe 14 Aprili bila malipo. Tarehe 6 Mei ndipo ikaja barua ya kampuni ya bima, aya moja tu, ikisema kwamba kijana aliondoa kinga ya mashine kwa makusudi na hivyo hastahili fidia. Ni kweli sheria inamnyima fidia mtu aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi, isipokuwa pale ajali inapomwachia ulemavu mkubwa au inapomuua. Lakini kinga hiyo iliondolewa na fundi majuma mawili kabla ya ajali, na hadi leo imeegeshwa ukutani nyuma ya mlango wa stoo. Na hata kama kijana angekuwa ndiye aliyeiondoa, hoja hiyo ilikuwa na siku 60 za kusemwa, nayo haikusemwa.

Swali langu ni hili. Tathmini ambayo haikupingwa ndani ya muda wake ni hukumu, au ni karatasi tu? Msimamo wangu, nautoa mapema ili mnishambulie vizuri: siku 60 zikipita bila pingamizi, tathmini isajiliwe katika mahakama ya hakimu iliyo karibu na itekelezwe kama hukumu nyingine yoyote ya deni, bila kufungua upya mjadala wa nani aliondoa kinga.

Wakili, Nakuru

Ndugu mleta mada, hesabu yako ya siku ni sahihi, lakini unaipigania nafasi ndogo kuliko ile ambayo wafanyakazi walinyang'anywa. Chini ya sheria ya zamani ya fidia kwa wafanyakazi, Sura ya 236, aliyeumia alikuwa na hiari: achukue fidia ya sheria, au amshtaki mwajiri kwa uzembe na kudai fidia ya maumivu, ya mapato aliyoyapoteza na ya gharama za matibabu ya baadaye. Kifungu cha 16 cha WIBA kilifunga mlango huo. Chama cha Wanasheria kikaipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu, na mwaka 2009 Jaji Ojwang akavitangaza vifungu kadhaa, kikiwemo hicho cha 16, kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirejesha karibu vyote isipokuwa viwili, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Tangu siku hiyo, hakimu aliyekuwa akisikiliza madai ya namna hii kila wiki hana tena mamlaka ya kuyapokea mapya, na kesi zilizofunguliwa katikati ya miaka hiyo ziliyumba, nyingine zikatupwa na nyingine zikaendelea, mpaka Jaji Mkuu alipotoa maelekezo mwezi Aprili 2023 kuhusu namna ya kuzimaliza.

Kuhusu swali lako lenyewe, majaji wa Mahakama ya Ajira wametofautiana. Wapo waliosema kwamba WIBA haikuweka utaratibu wowote wa kutekeleza tathmini, na mahakama haiwezi kujipa kazi ambayo Bunge halikuipa. Wapo waliosema kwamba haki bila njia ya kuipata si haki, wakaipokea tathmini na kuigeuza hukumu. Mimi nasema ugonjwa huu hautibiwi kwa bandeji. Mrudishieni mfanyakazi hiari yake ya kwenda mahakamani moja kwa moja. Fomula ya miezi 96 haina mahali pa kuandika kwamba mtu hawezi kufunga kifungo.

Mwajiri mdogo, Thika

Nina wafanyakazi kumi na wanne na nimewakatia wote bima kama sheria inavyotaka. Naomba wakili akumbuke ile hiari ilikuwaje kwa upande wetu. Kesi moja ya uzembe ilikaa mahakamani miaka sita, nami nilikuwa naitwa kila kesi inapotajwa, nikifika naambiwa faili haionekani. Mwishowe aliyeumia alipata sehemu tu ya kile kilichotolewa, na sitaki kusema sehemu iliyobaki ilikwenda wapi, maana wakili yuko hapa. WIBA haimuulizi mfanyakazi kama mimi nilikosea. Akiumia kazini analipwa. Nilikubali kulipa malipo ya bima kila mwaka kwa sababu ya utulivu huo. Mkifungua njia zote mbili, basi mimi nitalipia mara mbili.

Niliyefanya kazi ya madai ya bima, Mombasa

Nilikaa katika idara ya madai miaka tisa kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema mambo mawili, moja la kuwaumiza wenzangu wa zamani na jingine la kuwatetea.

La kwanza ni kwamba mleta mada amegusa mahali penyewe. Kampuni inapopokea tathmini, mtu mwenye busara huuliza: nisipojibu, nini kitatokea? Kwa hukumu ya mahakama jibu linajulikana, kwamba dalali wa mahakama atakuja kuandika samani na magari. Kwa tathmini ya Mkurugenzi, jibu mara nyingi lilikuwa kwamba faili litakaa. Adhabu ya jinai ipo, lakini ili ifanye kazi lazima mtu afunguliwe mashtaka, na faini hiyo si fidia inayokwenda kwa mwenye vidole. Kwa hiyo aliyenyamaza alikuwa katika hali nzuri kuliko aliyepinga, kwa kuwa aliyepinga alilazimika kuandika sababu na kujifunga nazo.

La pili ni la kutetea. Zipo tathmini zilizotufikia kwa kuchelewa sana, kwa sababu barua hupelekwa kwa mwajiri, naye huiweka kwenye droo na kusahau kuituma kwa mwenye bima. Nilishuhudia faili ambalo sisi tulilipata likiwa na umri wa miezi mitano, na asilimia aliyoandika daktari wa kwanza ilikuwa maradufu ya ile ya daktari wa pili. Ukisema siku 60 zikipita basi mdomo umefungwa, lazima kwanza useme siku hizo zinaanza lini na kwa nani. Sheria inaruhusu mfanyakazi apimwe tena na daktari aliyeteuliwa, na kupimwa huko kunahitaji muda. Nikuulize, ndugu mleta mada: una ushahidi gani wa tarehe ya kupokelewa? Maana kampuni itaanzia hapo hapo.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Majirani, mimi nauliza tu kwa nini mnaendelea kumwachia kila mwajiri na bima yake. Kwetu Tanzania, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, waajiri wanachangia katika Mfuko mmoja wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko ndio unaolipa. Migogoro haikuisha, na watu wanabishana kuhusu asilimia kama ninyi, lakini anayekataa kulipa si kampuni inayopata faida kwa kukataa.

Wakili, Nakuru

Hoja ya Mfuko ni nzuri, ila inahitaji sheria mpya, na kijana wa Athi River anahitaji pesa zake sasa. Mwajiri wa Thika nimemsikia, na kuhusu pale anaponirushia jiwe sitajibu, isipokuwa kusema kwamba faili lisiloonekana halikufichwa na aliyeumia.

Mleta mada, Athi River

Nawashukuru, hasa mzee wa Mombasa, kwa sababu amesema jambo ambalo nilikuwa nalihisi bila kulijua.

Kwanza kwa wakili. Sikatai kwamba kifungu cha 16 kiliwapunguzia wafanyakazi haki, na kama Bunge litairudisha hiari hiyo nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini kiwandani kwetu wengi hawana pesa za kuendesha kesi ya uzembe, na shahidi wao ni mwenzao ambaye bado anahitaji kazi. Fundi aliyeondoa kinga atasimama mbele ya hakimu na kusema hivyo? Tathmini ya Mkurugenzi haikuhitaji shahidi wa namna hiyo, na kwa mtu wa mshahara wa elfu ishirini, hilo ni jambo kubwa. Ndiyo maana nataka tathmini ipewe meno kabla hatujaanza kuililia njia ya zamani.

Kwa mwajiri wa Thika: utulivu unaousifu uliununua kwa ahadi kwamba aliyeumia atalipwa haraka bila kuulizwa kosa ni la nani. Kampuni yako ya bima isipolipa, ni wewe unayekutana naye getini kila asubuhi.

Kwa mzee wa Mombasa, nakubali kwamba siku zisianze kuhesabiwa kwa mtu ambaye hajaiona barua. Basi turekebishe hivi: tathmini ipelekwe kwa mwajiri na kwa kampuni ya bima kwa wakati mmoja, kila mmoja atie sahihi, na siku 60 zihesabiwe kwa kila mmoja tangu alipopokea. Mwajiri aliyeiweka barua kwenye droo abebe mzigo huo yeye pamoja na mwenye bima wake, usitupiwe mfanyakazi. Baada ya hapo, aliyenyamaza amekubali. Anayetaka kuruhusiwa kupinga nje ya muda aende yeye mahakamani kuomba ruhusa, na aweke kwanza sehemu ya pesa hizo mikononi mwa mahakama. Hivi sasa anayelazimishwa kuhangaika kutafuta mahakama ni yule mwenye karatasi ya ushindi, na kwa kuwa kaunti nyingi hazina jaji wa kudumu wa Mahakama ya Ajira, wengine hupanda basi usiku kucha kwenda kuuliza kama karatasi yao ni hukumu.

Na kuhusu ushahidi wa tarehe, ninao. Tuna daftari la kupelekea barua. Ukurasa wa tarehe 14 Januari una muhuri wa mapokezi ya kiwanda, sahihi ya karani na saa, 4:20 asubuhi. Chini yake kuna sahihi nyingine ya siku hiyo hiyo, ya tawi la kampuni ya bima, kwa sababu sikutaka kungoja mwajiri awatumie, nikaenda nayo mwenyewe.

Niliyefanya kazi ya madai ya bima, Mombasa

Kama tawi lilitia sahihi siku hiyo, basi wenzangu hawana pa kushika. Ile barua ya Mei iliandikwa na mtu aliyekuwa akitarajia kwamba hutajua.

Wakili, Nakuru

Piga nakala ya ukurasa huo kabla daftari halijapotea, na usiwaachie lile lenyewe hata wakikuomba kuliangalia dakika tano. Nakala ya tathmini, nakala ya daftari na ile barua ya tarehe 6 Mei zitaambatishwa kwenye ombi la kuiomba Mahakama ya Ajira iipokee tathmini kama hukumu. Tutajua tumepangiwa jaji wa mawazo gani tukishafika. Na piga picha ya ile kinga nyuma ya mlango wa stoo, leo hii, kabla hawajairudisha kwenye mashine.